Koki Aliyoipaka Rangi Oddvar

Jumatatu, 7 Oktoba

Theluji imeshuka mpaka nusu ya mlima. Torunn amepiga simu – mama, Jumamosi nakuja kukuchukua, funga koki kuu ya maji, tuyamwage yaliyobaki kwenye mabomba, nyumba ilale mpaka theluji iyeyuke. Ilale! Kana kwamba ni dubu, alalaye baridi yote. Na mimi nikakae kwake mjini, ghorofa ya nne, dirisha linatazamana na dirisha la mtu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata kwa bintiye.

Nimekubali. Nilianguka kwenye ngazi mwezi wa nane, na yeye alilia kwenye simu, basi nimekubali. Lakini sitaki kwenda. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunibishia – sitaki.

Nikashuka chumba cha chini. Koki iko nyuma ya rafu ya jamu, karibu na sakafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame – nikainama, magoti yakalia. Nikashika kile kigurudumu chake. Hakigeuki ng'o.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeota maji. Yanapita ukutani taratibu, na marehemu mume wangu, Oddvar, anaongea ndani yake. Maneno siyasikii, nasikia tu ule mguno wake wa kusema sawa. Nikaamka sijui kama ni bomba au ni yeye. Nikabaki nimelala, nasikiliza, mpaka jua likaingia kitandani.

Kisha nikarudi chini na tochi. Lo, Oddvar! Koki haina kutu hata chembe. Ina rangi! Kila nyumba ilipopakwa upya, rangi ikibaki hakuitupa – kutupa rangi ni dhambi huku kwetu – alishuka nayo akapaka kila alichokikuta. Ngazi, ndoo, mpini wa sepetu, koki. Wanaume wa bonde hili wote ndivyo walivyo. Rangi juu ya rangi, miaka nenda miaka rudi, na sasa imeshikana kama gundi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jirani yangu Arnfinn kaitisha msaragambo bila kuniuliza! Wamekuja wanaume na spana, mkewe na keki. Kahawa imenyweka kuliko kazi iliyofanyika. Arnfinn kavuta mpaka masikio yakawa mekundu. Nikamwambia taratibu, ukiivunja tutaelea mpaka baharini. Akasema, jirani, huyu mumeo hakutaka maji yafungwe. Nikamjibu, hakutaka mkewe ahame. Wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kidogo tu.

Kuna koki nyingine barabarani, ila ile tunachangia na Arnfinn – ikifungwa, naye anakauka. Kwa hiyo ni hii au basi. Akampigia Torunn palepale. Torunn akasema nyumba haiachwi na maji wazi, baridi itapasua mabomba. Koki isipofungwa, mama abaki kwanza mpaka fundi apatikane, na mafundi hawana nafasi mpaka baada ya Krismasi.

Baada ya Krismasi! Moyo ukaruka kama wa msichana. Nikaficha uso kwenye kikombe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ukungu. Mlima haupo, bahari haipo, nipo mimi na nyumba.

Nimeshinda kule chini na mashine ya kukaushia nywele na kisu cha siagi. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi. Rangi inapata joto, inalegea, naimenya. Nyeupe – mwaka wa kipaimara cha Torunn. Chini yake kijani – nilikichukia kile kijani, tulinuniana wiki nzima! Chini yake njano – tulipohamia, mimi na tumbo la mtoto, yeye na brashi, anapiga mluzi. Nikakaa na kipande cha njano kiganjani mpaka miguu ikafa ganzi.

Sikujaribu kugeuza. Niliogopa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Torunn amefika. Sanduku langu liko garini tayari. Kataka kushuka, nikamwambia ngoja, mwanangu, koki hii naijua mimi.

Nimeigusa tu. Ikageuka. Laini! Nikaizungusha mpaka mwisho, na ukutani kukanyamaza. Tangu nihamie bonde hili sijasikia nyumba yangu ikinyamaza hivyo. Hakuna mguno, hakuna mtu. Ikawa nyumba ya watu nisiowajua. Nikalia, nikasema wazi, Oddvar, rudi.

Nikaifungua tena.

Naandika nimeketi sakafuni. Torunn ameita kutoka jikoni – mama, imekubali? Nikasema bado, mwanangu, imegoma kabisa. Sasa anauliza spana iko wapi. Anashuka – nasikia buti zake kwenye ngazi – mwandiko huu mbaya ni kwa sababu ninaandika kwa mkono mmoja, wa pili umekishika kigurudumu kisigeuke, kwa nguvu zangu zote