Sauti ya Komba Nyuma kwa Bi Tatu

Jumapili, Chamazi

"Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Shehe wetu, Mchungaji, wazee wangu, akina mama na vijana." Leo mkutanoni nimewataja wote kwa heshima zao, na aliyestahili kutajwa kwanza hakuwepo.

Bi Tatu amehamia Mbagala kwa binti yake. Kila usiku kilisikika kilio cha mtoto mchanga kwenye mkorosho ulio nyuma ya nyumba yake hapa Chamazi. Tukamdhania mchawi, tukaacha kununua vitumbua vyake. Hata mimi, mwalimu mzima, niliacha.

Jana ndipo nilipofungua atlasi ya wanyama mtandaoni, nikachagua eneo letu, nikasikiliza sauti moja baada ya nyingine. Kilio ni kile kile: komba, kanyama kadogo ka macho makubwa. Leo nimewasikilizisha majirani.

"Kumbe sie tulikuwa tunamkimbia komba!" amesema Mama Rehema. "Na wewe Baba Shabani, ulivyomwaga chumvi mlangoni kwa bibi wa watu!"

"Mie nilitumwa na mke wangu."

Wamecheka. Mimi nimeshindwa. Kutafuta hakukunichukua hata nusu saa. Kwa nini sikutafuta alipokuwa bado...

Nimehitimisha kwa kutangaza kwamba kesho, baada ya sala ya alasiri, mtaa mzima utakwenda Mbagala kumwomba radhi. Mwenyekiti ameafiki. Wamenichagua niwe msemaji, kwa kuwa eti najua kuzungumza.

Sijui nitaanzaje.