Kitisho Changu Kiligongwa Muhuri

Mpendwa mshauri, nilipoteza kazi Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi, kwa barua ya mistari mitano niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nimesoma kwa kufulia watu nguo, na kwa miaka kumi na tisa nimefundisha uchumi chuo kikuu, hasa nadharia ya michezo, yaani hesabu za nani atafanya nini iwapo mwenzake atafanya nini, hadi wanafunzi wakanibatiza Mama Kitisho. Nimeomba uprofesa mara nne, mara nne nikaambiwa nisubiri, na kwetu desturi ni kwamba hupandi mpaka chuo kingine kikutake, basi kingine kiliponiambia nafasi ipo sikwenda kubembeleza mtu, niliandika barua ya kuacha kazi moja kwa moja, kwa sababu utafiti wangu wote unasema kitisho chenye mlango wa kurudi nyuma hakimtishi mtu, na nilipiga hesabu nikaona uwezekano wa kuachwa niende ni mmoja kati ya ishirini.

Mkuu wa idara, ambaye tasnifu yake niliisimamia mimi, aliisoma mara moja, akagonga muhuri. "Mwalimu," akasema, "si wewe uliyetufundisha kwamba kitisho cha kweli hakirudi nyuma? Nitakuvunjiaje heshima kwa kukubembeleza?"

Siku ya tatu chuo kile kingine kikaandika kwamba nafasi imefutwa. Mume wangu hajui. Kila asubuhi naaga na mkoba wangu, naenda kukaa maktaba ya umma, meza ya magazeti, mpaka saa kumi. Baraza la chuo linaidhinisha barua yangu Ijumaa hii saa tisa alasiri. Nirudi nikaombe, au nisirudi? Nijibu kabla ya Alhamisi saa sita, na usinipe methali.

*

Dada mwalimu, pole. Methali utapewa, kwa sababu inakuhusu: akufukuzaye hakwambii toka. Mara nne! Wewe bingwa wa hesabu, hiyo hukuihesabu? Umemtisha kwa kuondoka mtu ambaye huenda alikuwa anaomba uondoke. Wala huyo mwanafunzi wako hakukuzidi akili. Karatasi ulimwandalia wewe, yeye kaongeza wino tu.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie mumeo. Atafoka. Mwache afoke, ni afadhali kuliko ajulishwe na mtu baki. Kesho andika mistari miwili ya kuifuta ile barua, ipeleke masjala mwenyewe, ubaki na nakala yenye tarehe. Usimsifu mtu, usimtishe mtu. Sikudanganyi: wanaweza kukataa, na kwa umri wako vyuo havitagombana kukupata.

Kisha ingia ofisini kwa mkuu, hata kiti usikalie. Muulize swali ambalo kwa miaka kumi na tisa umelizunguka: mnanitaka au hamnitaki? Akujibu ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Akianza maelezo, hiyo ni hapana. Kakusanye vitabu vyako.