Indiketa ya Kushoto Imepona, Taata

Taata,

Niko Muleba, nimekaa kando ya kaburi lako, upande ule migomba inapoleta kivuli. Mama na Bibi wako ndani ya kibanja wanakata ndizi za kupeleka Bukoba. Nimewaaga kwamba naenda kusoma, na kweli nimekuja na kitabu cha fizikia, ila nimekilaza magotini nikaweka karatasi juu yake.

Tangu matanga yaishe nimejaribu kukuandikia. Kila barua ilikuwa inageuka malalamiko, nikachana. Baba gani apelekewe malalamiko pale alipolala? Leo angalau nina habari ya gari lako.

Tulipotoka kukuzika tulirudi kwetu Nshambya, pale Bukoba mjini, Mama akaanza kuliendesha. Kila Jumamosi alikuja nalo huku, akapakia ndizi, akaenda kuziuza sokoni, kama mlivyokuwa mkifanya wawili. Ulimfundisha vizuri. Halafu siku moja askari akamsimamisha. Alimwambia, "Mama, mimi niko nyuma yako sielewi. Unakata kushoto au unasimama?" Maana akiweka indiketa ya kushoto, taa ya breki nayo ilikuwa inapepesa, zote mbili hafifu. Hakumwandikia kosa. Alimwambia tu kwamba hataki kuliona tena gari lile barabarani mpaka litengenezwe.

Fundi wa mjini akabadilisha flasha, kile kidude kinachopepesesha indiketa, akabadilisha na globu. Lilitoka kwake zima, mvua ikanyesha, kesho yake likarudia yale yale. Akasema nyaya zote zimeoza, zing'olewe ziwekwe mpya. Hatukuwa na uwezo huo. Gari likakaa pale kando ya jiko, kuku wakaanza kulala chini yake.

Ndipo Baba mkubwa alipokuja. Alikaa kwenye kiti chako, Taata. Najua hakukusudia ubaya, ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Alisema amepata mtu mwenye mashine ya kusaga anayetaka injini ya gari tu, atakuja naye Jumamosi walifungue pale pale uani. "Na nyie mrudi nyumbani," akasema. "Nimewasafishia chumba cha nyuma. Mjini mnangoja nini? Bila gari mtakula nini?"

Mama akajibu, "Sawa, shemeji."

Tangu ufe Mama alikuwa anajibu hivyo kwa kila jambo. Walipogawa koti lako, sawa. Redio, sawa. Siku ya mazishi Baba mkubwa alipochukua ufunguo wa pili wa gari akautia mfukoni, hakuna aliyeuliza. Na mimi aliponigeukia akasema, "Mwana wange, shule ziko hata Muleba," nilitaka kusema jambo. Nilikuwa nalo kabisa, sentensi nzima. Badala yake nikasema sawa.

Baada ya hapo nyumba ikanibana. Sijui nikuelezeje. Nikiwa sebuleni naona kiti, nikiwa chumbani namsikia Mama anafungasha vyombo. Nikawa nikitoka shule naingia ndani ya gari, nafunga milango, nasomea humo. Mvua ikinyesha vioo vinajaa ukungu, sioni nje na hakuna anayeniona ndani. Bado kunanukia wewe: kahawa na ile sabuni ya mche. Nilikaa humo nikifikiri, Jumamosi hata hapa hapatakuwapo.

Ulikuwa unaniambia, "Kemi, usifungue kitu kabla hujasikiliza." Siku moja nikageuza ufunguo, nikaweka indiketa ya kulia, nikasikiliza. Tik, tik, polepole. Nikaweka kushoto. Ikawa tiktiktiktik, kama mtu anayekimbizwa. Ulinifundisha kwamba ikikimbia hivyo flasha inadhani kuna globu imekufa. Lakini globu zilikuwa mpya.

Nilihitaji kuona taa za nyuma huku breki imekanyagwa, na nilikuwa peke yangu. Nikachukua mwiko wa Mama, ule mkubwa wa ugali, nikauegemeza kwenye pedeli na kuukaza kwa kiti. Nikakimbia nyuma. Kulia breki inawaka vizuri. Kushoto inawaka kama mshumaa, na indiketa pembeni yake nayo imepata mwanga ambao sikuupa.

Hapo nikakumbuka darasani. Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi. Ukikosa waya wake wa kurudia, unajipenyeza kwenye taa ya jirani utafute njia huko, na zote mbili zinapungukiwa. Nikatafuta kipande cha waya, ncha moja nikaigusisha kwenye kishikio cha taa ya kushoto, nyingine kwenye bolti ya bodi isiyo na rangi, maana bodi ndiyo inayorudisha umeme kwenye betri. Taa ikawaka, Taata! Ikawaka yote. Nikaweka indiketa, ikapiga polepole. Nikatoa waya, ikaanza kukimbia tena. Nikarudia mpaka nikaamini. Haikuwa flasha, wala nyaya zote. Ilikuwa waya mmoja mweusi, wa kurudisha umeme, nyuma kushoto.

Nikaenda kwenye buti, nikafunua zulia. Kitu cha kwanza nilichoona ni mabawa ya senene, makavu, mengi.

Nikajua kabla sijaufikia waya wenyewe. Kile kifundo. Umekifunga kwa kitambaa cha kitenge cha Bibi, juu yake plasta ya dukani, maana utepe uliisha. Ule msimu wa senene tulipoegesha juu ya kilima cha Kibeta, ukakata waya za taa ya nyuma ili uwashe taa yako kubwa kwa betri ya gari, tukaegemeza bati, na giza lilipoanza kuingia senene zikaja, panzi kwa maelfu, kama mvua inayopanda. Watu wenye majenereta walikuwa wanakucheka, wewe na gari lako dogo: "Mwalimu anavua kwa teksi!" Tukajaza ndoo. Bibi alipoanza kusema zamani mwanamke alizikaanga tu, hakuzila, ukanijazia kiganja mbele yake, ukasema, "Huyu ndiye aliyeshika waya." Baadaye uliunga zile waya ukafunika zulia, ukasema utakuja kuziunga vizuri. Mvua ya Bukoba ikawa inaingia kidogo kidogo hapo. Shaba imegeuka kijani kibichi.

Nilikaa na kisu mkononi muda mrefu. Ukoo umegawana kila ulichovaa na kila ulichoshika. Hiki hakuna aliyekijua. Bado kilikuwa kimekaa vile vidole vyako vilivyokisokota. Na taa isingepona bila kukikata.

Nikasikia Mama anapiga kelele kutoka jikoni, "Kemi! Mwiko wangu uko wapi? Maji yamechemka mpaka yanaisha!" Akaja, akaniona ndani ya buti na mabawa yamenijaa kwenye sketi. Akainama, akashika kile kitambaa cha kitenge.

"Huyu mtu na senene zake," akasema. Akacheka. Kilikuwa kicheko chake kabisa, sikuwa nimekisikia tangu ulipolazwa hospitali. Halafu akalia, huku bado anacheka. Akajifuta, akanishikia waya uwe wima.

"Kata," akasema.

Nikakata. Tukaipara shaba mpaka ikang'aa, tukaunga, tukafunga utepe mpya, na ncha ya mwisho tukaikaza kwenye bolti niliyoisugua kwa msasa. Siku hiyo tulichelewa kula.

Leo Jumamosi asubuhi Baba mkubwa akaja na mtu wa mashine, wamebeba spana kwenye gunia. Walimkuta Mama ameketi kwenye usukani, injini inanguruma. Baba mkubwa akazunguka nyuma, akaanza kuamrisha kama anapanga askari: "Kushoto! Kulia! Breki! Kushoto tena!" Mtu wa mashine akacheka, akaliweka gunia chini. "Mzee, umeniita kuchinja ng'ombe mwenye maziwa? Mimi hili silifungui."

"Fundi gani huyu?" Baba mkubwa akauliza.

Nikaangalia ndala zangu. Mama akasema, "Wa hapa hapa."

"Vizuri. Kama limepona, basi litakaa kwangu Muleba, liwe la ukoo."

Niliona kwamba nimelitengeneza ili lichukuliwe likiwa zima. Nikamwangalia Mama, midomo yake ikaanza kutamka kile kile.

"Sawa, shemeji," akasema. Lakini hakuondoa mikono kwenye usukani. "Sawa. Ingia mbele nikupeleke. Litakuja Muleba kila Jumamosi kuchukua ndizi, na jioni litarudi Nshambya. Ingia, waitu, jua linakwenda."

Unajua kaka yako hajui kuendesha. Alimtazama mtu wa mashine, aliyekuwa anajifanya anahesabu spana. Akaingia. Alipakata kofia yake njia nzima, na kwenye mteremko akaomba: "Punguza. Punguza, mke wa ndugu yangu."

Kwa hiyo tuko hapa. Sitaki nikudanganye kwamba yamekwisha. Tulipofika amemwonyesha Mama kile chumba cha nyuma, amekipaka chokaa, na kitanda changu kimeshawekwa. Ana huruma, ndiyo maana ni vigumu kumkatalia. Ufunguo wa pili bado uko mfukoni mwake, anaupapasa anapozungumza. Tukiwa kwenye chakula ameuliza tena, "Lakini huyo fundi ni nani?" Mama akanigeukia. Aliniachia nafasi nami nikajaza mdomo ndizi.

Kile kifundo chako nimekuja nacho. Nimekizika hapa kichwani pako, kina cha kidole, pamoja na mabawa mawili.

Mama ananiita. Wamemaliza kupakia. Kwaheri, Taata, kwa leo. Nikuahidi jambo moja kabla sijaogopa: Baba mkubwa amesimama pale kwenye lango kutuaga. Nitapiga goti nimuage, kisha nitamwambia fundi ni mimi, na kwamba fundi wa gari hili anaomba ufunguo wake. Nitalisema lote, hadi mwisho. Sauti ikitetemeka itatetemeka.

Mama ameshawasha indiketa ya kushoto, upande wa kwenda Bukoba. Naisikia hadi hapa. Inapiga polepole.

Wako,
Kemilembe