Wimbo wa Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimebebeshwa! Mama mkwe anatimiza miaka sabini wiki ijayo, na muziki ni juu yangu. Mke wangu kaniambia huku ananipakulia chakula, maana anajua nikiwa na njaa sina ubishi. Nikauliza, mama mwenyewe amekubali? Akasema hajaulizwa, ila kaka ameshapitisha. Kaka yake — Mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura, lakini kikao chochote cha ukoo huu anakifungua yeye na kukifunga yeye.

Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka la matairi, kote nimepiga muziki na sikutetemeka. Huyu mama ananitetemesha. Nina miaka sita na binti yake, na bado akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani, anasema "yuko kwenye umeme". Nikiharibu hapa, basi tena.

Jumatano, 5 Juni

Kikao. Mwenyekiti kaja na maagizo. Sauti ya chini. Nyimbo za heshima. Wazee wasishtuliwe. Halafu akasimama — sebuleni kwake mwenyewe, lakini akasimama — akasema tutafungua kwa wimbo wa baba.

Kila mtu hapa anaujua wimbo wa baba. Marehemu mzee aliupiga kila Jumapili baada ya chakula, kuanzia enzi za santuri, zikaja kaseti, mpaka simu. Mwanamume analalamika kwamba mpenzi wake kaondoka. Analalamika weee, dakika saba, na mpenzi harudi. Tangu mzee afariki mwaka juzi haujapigwa. Wote wakainamisha vichwa. Mama atafurahi sana, wakakubaliana. Mimi ni nani nibishe?

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa mama na spika ndogo. Kisingizio: pasi yake haipati moto. Hiyo ndiyo faida ya kuwa "kwenye umeme".

Nikamaliza pasi, nikauweka wimbo wa baba taratibu, nimwone uso. Alikuwa anakunja nguo. Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Nikajua nimemtonesha. Nikazima haraka, nikamfuata kwenye kamba. Nikamwambia samahani mama, sikujua utaumia.

Akanitazama sana. "Siumii, baba. Siupendi."

Mama yangu! Nikashika kamba nisianguke.

Akanieleza kwa sauti ya chini, jicho mlangoni, utadhani marehemu anaweza kutokea. Walikuwa wachumba. Mzee akampigia ule wimbo, akamuuliza, vipi? Naye kwa kuwa hakuwa na la kusema, akasema mzuri. Basi! Wiki ile ile mzee kamnunulia santuri. Na kila Jumapili akampigia, maisha yote, naye anatabasamu. Watoto wakakua wanamwona mama anatabasamu.

"Nilimpenda mume wangu," akasema. "Wimbo wake nilikuwa nauvumilia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa juu ya ndoo. Naye akacheka! Miaka sita, sikuwahi kujua ana mwanya. Halafu akanikamata mkono, akaniomba wasijue. Watasema alimdanganya baba yao.

Kwa hiyo siri ninayo, na pa kuipeleka sina.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemuuliza swali rahisi. Sasa mama, wewe unapenda muziki gani? Akafikiri. Hajui! Redio ilikuwa ya mume, televisheni ikawa ya watoto. Miaka sabini na hakuna aliyewahi kumuuliza. Iliniuma, sitanii.

Basi tukaanza. Mimi naweka, yeye anahukumu. Kwaya: nasikia kila wiki, weka kingine. Nyimbo za mapenzi za taratibu: mkono juu, kata. Wanaume wanaolia: kata haraka! Nikaweka dansi la zamani, yale marefu. Waimbaji wakaanza kubembeleza, akasema hawa wanachelewa. Nikasogeza mbele mpaka pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanachemka.

Lo! Bega moja likaanza. Likafuata la pili.

"Hapo," akasema. "Kwa nini usianzie hapo?"

Mama mkwe wangu anapenda magitaa matupu! Anasema maneno yanamtaka ahuzunike, lakini gitaa halimtaki kitu.

Jumanne, 11 Juni

Pasi imeharibika tena, ha ha. Mke wangu ananitazama kwa jicho la pembeni, anauliza mimi na mama yake tumekuwa chanda na pete tangu lini. Nikajitia kukohoa.

Leo mama kaomba ule muziki wa vijana unaopita na magari barabarani. Nikampa. Akasema ngoma nzuri, tatizo ni huyo kijana anayepayuka juu yake. Nikampa ngoma bila kijana. Akainuka kwenye kochi! Yale magoti anayomshtakia daktari kila akienda, leo hayakuwa na shauri lolote.

Lakini roho yangu iko juu. Mwenyekiti amenitumia ratiba. Cha kwanza: wimbo wa baba, wote wasimame. Nikidai umefutika, anao kwenye simu. Nikisema ukweli, nimemsaliti mama. Nikiupiga, mama atatabasamu. Na hilo ndilo linaloninyima raha, kwamba atatabasamu.

Ijumaa, 14 Juni

Spika ziko sawa. Nyaya ziko sawa. Ratiba nimeisoma mara nne, cha kwanza ni kile kile.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimesimama, daftari juu ya boksi la spika. Wimbo unaopigwa ni mrefu, nina nafasi, na nisipoandika sasa nitapasuka.

Ukumbi umejaa. Mwenyekiti akashika maikrofoni, akatukaribisha, akatukaribisha tena, kisha akasema tusimame sote kwa wimbo wa baba. Viti vikaburuzwa. Nikamtazama mama. Lile tabasamu alikuwa ameshaanza kulivaa.

Kidole kiko kwenye kitufe — na hakiendi! Mwenyekiti akaniashiria kwa macho. Nikatikisa kichwa. Mimi! Mbele ya ukoo mzima! Akaja juu, maikrofoni bado iwazi, akauliza nina nini na baba yao. Jasho mpaka kwenye soksi. Nikaondoa kidole kwenye kitufe. Mke wangu kanitolea macho, nikajua leo nalala kwenye gari.

Ndipo mama akasema, bila maikrofoni, na ukumbi wote ukasikia.

"Mwacheni. Nisiyeupenda ni mimi."

Hata watoto wakageuka.

Akawaeleza yote. Uchumba, santuri, Jumapili. Akasema alimpenda baba yao na hilo asilibishe mtu. Nilikuwa nangoja vilio. Badala yake mke wangu akapasuka kicheko. Kumbe na yeye haupendi! Alikuwa anauvumilia kwa ajili ya mama! Shangazi mmoja akainua mkono, akasema hata yeye. Akafuata mwingine. Watu wanashikana mabega kwa kucheka. Mama akashusha pumzi ndefu, akanigeukia, akasema haya baba, fanya kazi yako.

Magitaa! Sasa hivi yuko katikati ya ukumbi, viatu kavivua, wazee wenzake wamemzunguka. Hakuna mzee aliyeshtuka. Nimetua mzigo jamani. Nimetua!

Mwenyekiti hachezi. Alikuwa amekaa peke yake pale mwisho. Amekuja mezani kwangu. Nikasema ndiyo hayo, natimuliwa.

Akasema polepole kwamba yeye anaupenda. Anaupenda kweli, si kwa heshima. Jumapili zile alikuwa anakaa sakafuni, mgongo kwenye miguu ya baba. Macho yamemjaa. Na sisi tumecheka mbele yake. Nilijisikia vibaya sana.

Nina kazi yangu tu. Miksa, mashine yangu ya kuchanganyia muziki, ina njia mbili, moja inakwenda ukumbini, nyingine inakwenda masikioni mwangu ili niandae wimbo unaofuata. Nikamvalisha hedifoni. Nikampigia wimbo wa baba humo ndani. Ukumbini magitaa yanachemka, masikioni mwake yule bwana anaachwa na mpenzi wake. Kafumba macho. Midomo inafuata maneno yote.

Mama kamwona. Ameacha kucheza, anakuja huku, pekupeku. Nikamwashiria, mama, ni ule wimbo. Anajua. Amevuta hedifoni upande mmoja, kaweka sikio lake, vichwa vyao vimegusana. Hatabasamu. Anasikiliza tu.

Magitaa yanakaribia kwisha. Wachezaji wananitazama. Hedifoni ziko kwao, sina jinsi ya kuandaa kinachofuata, na wimbo wa baba bado mrefu. Siwagusi! Narudisha magitaa nyuma, pale pale yanapoanza, na ngoja nione kama wachezaji watagundua.