Maziwa Badala ya Maji: Je, Bibi Yangu Alibatizwa?

Mpendwa Mshauri,

Mbukwa. Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Ugogo, na ninakuomba usinicheke nikianza hivyo, maana tangu jana kila nikiandika salamu nzuri ya Kiswahili naona kama si mimi ninayesema. Naomba msaada wako. Sina mtu wa kumwuliza, kwa sababu mimi ni msichana mwenye haya, mbele za watu sauti yangu hupotea, ila nikiandika huwa haipotei. Ninasoma shule ya misheni upande wa Bahi, Kigogo tunasoma asubuhi na Kiswahili baada ya chakula, na mwaka huu askofu akija nitawekewa mikono, Mungu akipenda, na kama utanijibu vizuri.

Nimelelewa na bibi mzaa baba. Mama alikufa mimi sijajua kutembea, na baba alichukuliwa na watu wa boma kwenda kubeba mataruma ya reli wala hakurudi, basi mimi na bibi tukabaki katika tembe letu kama kuku na kifaranga. Mshauri, ungelijua tembe lile! Juu ya paa la udongo ndiko tulikoanika mlenda, na jua likipungua tulipanda wote wawili kuugeuza, na bibi akawa ananionyesha kwa kidole njia ilimokuwa ikipita misafara ya pembe zamani, kabla ya Wadachi na gari lao la moshi. Alikuwa akiniambia, "Mimi nilipokuwa kama wewe niliwauzia maji wale watu wa pwani. Kibuyu kimoja, shanga. Na aliyenitukana, kibuyu kimoja, kitambaa!" Kisha hucheka mpaka anashika mbavu. Hata leo nikisikia harufu ya mlenda mkavu ninageuka kumtazama.

Nilipoanza shule bibi alinisindikiza, na badala ya kurudi akawa anakaa nje chini ya dirisha, akisokota kamba na kusikiliza. Nyimbo alizishika zote, ila maneno ya Kiswahili aliyaimba anavyojua yeye, wasichana wenzangu wakacheka, naye akawaambia, "Chekeni, Mulungu anajua nilichotaka kusema." Mwisho akaomba aandikwe darasa la ubatizo. Mwalimu wetu Kefa, ndiye anayetufundisha dini, akamwandika. Mwaka mzima nilikuwa namfundisha tukiwa tunatwanga uwele, mimi nasema kwa Kiswahili kisha kwa Kigogo, yeye anajibu kwa mchi. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya Hana aliyeomba bila kutoa sauti hata kuhani akadhani amelewa. Alisema, "Huyo nimwite dada. Na mimi wananiona mlevi."

Basi padri alipokuja kuwapima wa ubatizo, aliwauliza kwa Kiswahili. Sisi wasichana tulisimama mlangoni, haturuhusiwi kusema humo. Padri akamwuliza bibi, "Nani aliyekuumba?" Bibi akajibu kwa Kigogo, nami nilisikia kila neno, alisema, "Mgeni huyu ametoka mbali hivyo na bado hajui? Mwambieni ni Mulungu, na mwambieni akae kivulini, uso wake unaungua." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Kefa akaona haya, akamwambia padri, "Mama huyu bado, aje mwaka ujao." Bibi akafunga kaniki yake, akatoka, akaniambia njiani, "Mwaka ujao si mbali, nimeshaona mingi."

Lakini mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Mbuga ya Bahi ilikauka ikawa nyeupe ya chumvi, visima vikafa, wanawake wakawa wanaondoka alfajiri kwenda kuchimba mchanga wa mto wa mbali na kurudi jua limepinda. Bibi akaugua kifua. Siku moja wenzangu wote wamekwenda mtoni, nimebaki naye peke yangu, akanishika mkono, mkono wake mwepesi kama ganda la karanga, akasema, "Mjukuu wangu, mwaka ujao umekuwa mbali. Nibatize wewe."

Mshauri, mwalimu Kefa alitufundisha kwamba mtu akiwa kufani na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, maji yoyote, hata ya dimbwi, na kutaja jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Lakini maji hayakuwepo! Niligeuza mtungi, nikapangusa ndani yake kwa kidole, mkavu. Na huyu ndiye aliyewauzia maji misafara. Kilichokuwemo nyumbani ni maziwa ya mbuzi, kidogo, katika kibuyu, niliyomwekea anywe.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Mwantum. Huyu ni mke wa Mbwana, mwenye duka la chumvi na kaniki karibu na reli, wametoka Kondoa, ni Waislamu, na tulizoea kungoja zamu kisimani pamoja. Siku moja nilimwuliza, "Ninyi mnawezaje kutawadha na ukame huu?" Akanicheka, "Wee mtoto, maji yakikosekana tunatayamamu, mchanga safi unatosha. Mwenyezi Mungu hamdhulumu mtu kwa sababu ya ukame." Nikawaza, kama kwao mchanga unatosha, kwetu maziwa yatashindwaje, nayo yana maji ndani yake na ni meupe? Nikachovya kiganja, nikammwagia mara tatu katika paji la uso, nikasema, "Hana, ninakubatiza," na majina yote matatu. Tone moja likamfikia mdomoni. Akalilamba, akatabasamu, akasema, "Mulungu wenu anawajua Wagogo." Ng'ombe waliporudi zizini alikuwa amekwisha kukata roho.

Sikumwambia mtu. Baba mkubwa Matonya, ndugu wa baba, akamzika nyuma ya zizi kwa desturi ya nyumbani, na mimi nikanyamaza nikijua kwamba wanamzika Hana na wao wanamwita jina la zamani.

Sasa mvua imerudi, mtama umevunwa, na baba mkubwa ameloweka nafaka ya pombe. Anataka kuimwaga kaburini na kumwomba bibi atuangalizie mifugo. Naye amesema mimi ndiye nitakayebeba kibuyu cha pombe, maana mjukuu aliyemfunga macho ndiye mkono wake. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa, mimi ni mtu wa misheni." Akasema, "Wewe ni mtu wa misheni, yeye hakuwa. Walimfukuza, umesahau? Walimcheka mbele za watu, leo na sisi tumtupe? Mtu wa kitabu simwagii pombe, nimeapa. Lakini huyu ni wetu."

Unaona nilipokwama, mshauri? Nikisema neno moja tu, "Alibatizwa," baba mkubwa ataacha, kwa sababu ya kiapo chake, wala sitabeba kitu. Lakini sijui kama neno hilo ni kweli. Nikibeba, mwalimu Kefa ataniondoa katika hesabu ya watakaowekewa mikono. Nikikataa bila sababu, ukoo utasema nimemtupa bibi aliyenitafunia chakula. Basi niambie kwa Maandiko: maziwa yale yalikuwa ubatizo? Na kama hayakuwa, bibi yangu yuko wapi? Maana nikifikiri kwamba amepotea kwa kukosa kibuyu kimoja cha maji, siwezi kuimba kanisani, midomo inakwenda tu.

Ni mimi,
Mjukuu wa Hana, upande wa Bahi

JIBU LA MSHAURI

Mbukwa nawe, Mjukuu wa Hana. Hakuna wa kukucheka hapa.

Nianze na lile unaloliogopa, tulimalize. Hapana, mwanangu. Maziwa si ubatizo. Bwana wetu alishuka katika maji ya Yordani, mitume walibatiza kwa maji, na yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume alipotaka kubatizwa alionyesha maji kando ya njia, hakuonyesha kiriba cha maziwa. Jirani yako Mwantum alikuambia kweli juu ya dini yake, tena kwa moyo mwema, lakini kutawadha kwao na kubatizwa kwetu ni mambo mawili. Kwa hiyo ukisema "Alibatizwa" utakuwa umesema uongo juu ya kaburi la mtu uliyempenda. Usiseme.

Umelia? Jifute, usome mbele.

Fungua Luka sura ya ishirini na tatu. Yule mhalifu aliyetundikwa kando ya Bwana alibatizwa na nani? Hakusoma darasa, hakupimwa na padri, mikono yake ilikuwa imepigiliwa hata asingeweza kujipangusa jasho. Alichokuwa nacho ni ombi tu, naye akaahidiwa paradiso siku ile ile. Mtume Petro naye anaeleza katika waraka wake wa kwanza kwamba ubatizo hauokoi kwa kuosha uchafu wa mwili. Kinachotakiwa ni dhamiri inayomwelekea Mungu. Bibi yako aliomba. Aliomba mbele za watu wakacheka, akaomba tena kitandani, na hakuwepo ila wewe. Mwenye kudharau maji yaliyo mbele yake ana kesi ya kujibu. Mwenye kuyatamani asiyapate, sijaona andiko linalomfungia mlango. Mungu aliyewanywesha Waisraeli kutoka katika mwamba, wewe unadhani alishindwa na mtungi wenu mkavu? Mwache bibi mikononi mwake. Usimwombee kama mtu aliyepotea. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, na Jumapili uimbe kwa sauti.

Na wewe hukutenda dhambi kwa kibuyu kile. Ulikosea kwa kutojua, na kwa upendo. Mweleze mwalimu wako yote, asikie kwako asisikie sokoni. Kaburi halihamishwi. Jina la Hana halitaingia katika orodha ya kanisa, hilo likubali. Wewe kumwita Hana nyumbani, nani atakukataza?

Mwalimu Kefa, kama unasoma gazeti hili, na najua unalisoma, neno hili ni lako na la padri wenu. Siku ya Pentekoste kila mtu aliyasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Wapi imeandikwa kwamba mwanamke wa Kigogo asipojibu kwa Kiswahili cha pwani hamjui aliyemwumba? Yule mama alijibu sawasawa, akaongeza na huruma juu ya uso wa mgeni! Mwaka huu wapimeni wazee kwa Kigogo. Mnaye msichana anayejua lugha zote mbili. Mruhusuni aingie ndani, asimame karibu nao, atafsiri. Na wewe msichana, usiniambie una haya. Wapo vikongwe wengine katika darasa la ubatizo nao wanaambiwa mwaka ujao. Haya yako na iwaonee wao huruma.

Sasa pombe. Hapa nitakukaripia kidogo. Katika barua yako yote naona unatafuta neno moja dogo la kumfunga baba mkubwa mdomo, ili wewe usilazimike kufungua wa kwako. Matonya si adui. Alimwona mama yake anachekwa na watu wa kanisa, akamzika, na sasa anamheshimu kwa njia anayoijua. Kwa hayo huna haki ya kumkimbia, wala ya kumpiga kwa kiapo chake mwenyewe.

Hata hivyo kibuyu hicho usikibebe. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hawawezi kunywea kikombe cha Bwana na kile kingine. Wafu hatuwaombi mifugo. Mwenye mvua na majani ni Mulungu, bibi yako mwenyewe alimwambia padri hivyo, ingawa hawakumsikia.

Fanya hivi. Nenda kwake mchana, yuko peke yake, asiwe na wazee wenzake wa kumfanya ajione ameshindwa. Mwamkie kwa heshima zote za kwenu, kaa chini. Sema kwa Kigogo. Usianze na kanisa, anza na mtungi mkavu. Msimulie kila kitu, na maziwa, na tone la mdomoni, na maneno aliyosema. Kisha mwambie, "Baba mkubwa, hakubatizwa. Lakini alimwomba Bwana amchukue, nami nilikuwepo. Kwa hiyo siwezi kubeba pombe hii." Halafu nyamaza. Anaweza kulia. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, rudi kesho yake ukamkobolee mtama na kumtekea maji, usinune. Akiamua kumwaga, amwage yeye, ni mama yake. Wewe fagia kaburi, palilia, kisha usimame kando mikono mitupu, asiwepo wa kusema ulikimbia.

Na mwalimu akitaka kukufuta kwa kusimama tu pale, mwonyeshe ukurasa huu.

Umeandika kwamba nafaka imekwisha kulowekwa. Basi usingoje gazeti la pili wala ushauri mwingine. Nenda kabla pombe haijaiva.