Mataruma Juu ya Paa

Cité, nyuma ya stesheni
Kamina, Jumapili 3 Novemba 1957

Mpendwa Mjomba Edmond,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo na watoto. Je, homa ya mtoto wenu mdogo imepoa? Na wewe kifua chako, baridi ya ziwa haikusumbui tena? Barua yako tuliipata, na mama yako, Nkambo, aliniomba nirudie kusoma pale unapoeleza ziwa, maana hakubali kwamba mtu aliyezaliwa Mulongo anaweza kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alicheka, akasema umeanza kudanganya kama watu wa mjini.

Sisi sote tu hai. Naandika hilo kwanza ili usije ukaogopa utakapoendelea kusoma. Lakini tangu Alhamisi sijui kama niko macho au naota. Utaona herufi zangu hazikunyooka kama Masista walivyonifundisha. Nivumilie.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana juu ya upepo uliong'oa mapaa matatu hapa mtaani, na paa la Ambroise, jirani yetu fundi wa baiskeli, likaenda kulala juu ya njia ya treni. Baada ya upepo ule, Baba aliwakusanya majirani Jumapili moja baada ya misa. Unamjua Baba, akishika jambo hulishika kama anavyoshika kundi lake la wafanyakazi wa reli, yeye kapita msimamizi wao. Walikubaliana kufyeka nyasi na kuchimba mitaro. Upepo ukianza, kila mama azime moto wake, kwa sababu cheche moja inatosha kuteketeza nyumba zote za nyasi. Kisha Baba atagonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni petu, na watu wa nyumba za nyasi watakimbilia kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ina mabati na kuta za matofali.

Tena Baba alileta mataruma ya chuma, yale yaliyochakaa ambayo reli hailali tena juu yake, akayapandisha juu ya paa ili mabati yasiruke. Wenye mabati wote wakamfuata. Mtaa wetu ukawa na vyuma juu ya vichwa, na watu wa mitaa mingine wakawa wanakuja kutazama.

Tulifanya hata mazoezi. Ambroise alituchekesha sana siku ile: "Kapita, unatufundisha kukimbia mvula? Ata kuku yetu ilijua zamani!" Lakini reli ilipolia, naye alikimbia.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Ni mama yako.

Unajua tangu Mama alipofariki, Nkambo ametulea sisi kutoka kwenye kile kijumba chake cha nyasi nyuma ya nyumba. Miaka yote hiyo, kama mwiko wa ukwe unavyotaka, hajavuka mlango wa mkwe wake, hajamtazama usoni, hajalitamka jina lake. Baba naye, akimwona anakuja kisimani, hupita njia nyingine. Wakiwa na neno, mimi ndiye mdomo wao. Baba husimama kona hii na kusema, "Clotilde, ambia nkambo yako muhogo umekwisha," na Nkambo, aliye kona ile na amesikia kila kitu, hungoja nimfikishie ndipo ajibu. Nilizoea hivyo hata nikasahau kwamba ni jambo la ajabu.

Siku ya mazoezi alibaki amesimama, ametupa mgongo, kitambaa kimefunika kichwa. "Minyi siingie mu nyumba ya mukwe," alisema. "Ata mvula ikanyesha majiwe." Watu walicheka, nami nilicheka. Mjomba, tulikuwa tumefikiria upepo na moto na maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria ukwe.

Basi Alhamisi, saa za mchana, anga la upande wa Base, kambi ya ndege za jeshi, likawa jeusi, na vumbi jekundu likaja mbele ya mvua kama ukuta unaotembea. Baba akagonga reli. Nkambo alizima moto wake kama tulivyokubaliana, akamshika mdogo wangu Marc mkono, akamleta hadi mbele ya nyumba. Hapo akasimama.

Mama Ève, jirani yetu, alikuwa amefika na watoto wake wanne. Lakini angeingiaje, mzee amebaki kwenye mvua? Naye akasimama. Wengine waliokuja nyuma wakasimama pia. Tulikuwa kundi zima mbele ya mlango ulio wazi, tunalowa, tunambembeleza.

"Nkambo, ingia! Batoto banakufa baridi!" Mama Ève alilia.

"Ingia weye. Nani anakukamata?"

Mimi nilimvuta mkono kwa nguvu. Baba akatoka nje, akageuza uso pembeni, akapaza sauti: "Clotilde, ambia nkambo yako minyi ninatoka. Nyumba iko bule, haina mukwe ndani."

Nikamwambia. "Mwambie nyumba iko yake hata kama yeye iko ku Elisabethville," akajibu.

Hapo Baba alisema, "Basi mwambie angoje, ninamuletea bache afunike kichwa," maana alikuwa na turubai lililokunjwa chini ya kitanda. Akarudi ndani kulichukua.

Sikusikia upepo. Nilisikia chuma. Mvua za wiki ile zilikuwa zimelainisha matofali, na mchwa, kama tulivyoona baadaye, walikuwa wamekula miti ya paa ndani kwa ndani. Upepo haukuondoa bati hata moja. Yale mataruma yalishuka yote pamoja, na kuta zikafuata.

Sote tulisimama kama miti. Aliyekwenda ni Nkambo. Alitupa kitambaa chake matopeni, akapita pale palipokuwa mlango, akapiga kelele: "Ngoie! Ngoie, weye uko wapi?"

Mjomba, aliita jina lake. Sauti ile ilinitisha kuliko paa. Alisukuma matofali kwa mikono mitupu, akamshika mkwe wake kwapani, shati la Baba likiwa limechanika lote, mwili wazi, akamvuta mpaka Ambroise na wengine walipozinduka na kuinua chuma.

Paja la Baba limevunjika. Yuko hospitali, daktari asema atatembea, pengine kwa fimbo. Turubai alikuwa amelikumbatia, na ilibidi tumnyang'anye.

Ambroise ameshusha mataruma yake yote bila kufanya mzaha hata mmoja. Sasa wanaume wanafunga mabati kwa waya hadi kwenye nguzo zilizozikwa ardhini, na wanagonga kila mti kusikia kama mchwa wamo. Sisi tunalala kwa Mama Ève.

Lakini Nkambo hataki. Ameketi katika kijumba chake, uso ukutani, hali chochote. Anasema amemwita mkwe kwa jina na kumshika mwili, na mtu wa namna hiyo haingii nyumba ya watu. Masista walitufundisha kwamba hayo ni mambo ya wazee tu. Nilidhani nimeelewa. Jana nilitaka kumwambia hivyo, nikamtazama mikono iliyochubuka, nikaiosha tu. Je, ningemwambia kwamba alichovunja hakikuwa kitu?

Baba kitandani aliniuliza, "Nkambo yako anakula?" Nikasema hapana. Akageukia ukuta, akaniagiza nikutafute: atatoa mbuzi, nawe kama mwana wa kiume wa Nkambo umpokee mbuzi huyo kwa niaba ya mama yako, mbele ya wazee, ukwe ufunguliwe ili waweze kutazamana. Hakuna mwingine wa upande wenu anayeweza. Mbuzi tayari yuko kwa Ambroise.

Njoo, Mjomba. Siku hizi treni inatoka huko hadi hapa moja kwa moja. Kijumba kile ni cha nyasi, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Usiku ule wa Alhamisi nilimfunika kwa turubai la Baba. Hakulikataa. Asubuhi nilimkuta amelikunja vizuri, amelishika mapajani.

Marc anakusalimu, na Mama Ève, na Ambroise. Nisalimie mkeo na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde njia nzima.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Clotilde Mujinga