Salamu Zimekwisha, Sasa Niambie

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Nachingwea, nikiwa mzima na nimeshiba ming'oko, hivi viazi pori vya huku ulivyosema vitanishinda. Havijanishinda, vimeniongezea kiuno tu. Goti lako je, linakuruhusu kwenda kisimani? Na mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu?

Mimi kazini nimeaibika kidogo, na nataka uisikie kwangu. Huku wamehamia Wasukuma wenzetu na ng'ombe zao. Mama mmoja wa upande wa Narung'ombe huletwa kwangu kwenye kliniki ya ushauri nasaha na mumewe kwa pikipiki. Alifiwa na mtoto wake wa mwisho, akaacha kula, akaacha kukamua, akawa mtu wa kukaa tu. Amenikubalia nikusimulie, mradi nisimtaje jina.

Unajua nilivyo na kiu ya Kisukuma. Kila akija nilimuuliza, "Mhola?" Naye akijibu, "Mhola duhu," salama tu. Nikafurahi, nikaandika kwenye faili lake kwamba anapata nafuu. Kumbe mwanamke wa watu hapati usingizi. Mumewe ndiye aliyenitoa tongotongo.

"Dada, mwenzangu anazidi kukonda," alisema. "Nitamleta mara moja tena. Asipopata nafuu, tutabaki nyumbani."

Nikaenda kwa mkuu wangu, Dada Somoe, Mmwera asiyepaka maneno asali.

"Wewe unamsalimia, humuulizi," akasema. "Nani anaitikia salamu kwa kilio?"

Yeye kila mgonjwa humuuliza mambo yale yale kila akija: usingizi, chakula, kukaa na watu. Kabla hajaondoka, humuuliza kama mazungumzo yamemfaa au yamempotezea siku. Majibu yakiwa mabaya anabadili njia, hangoji mgonjwa amkimbie. Hata mimi nilifundishwa hayo chuoni, Mama, ila lugha ya nyumbani ilinilewesha.

Walipokuja tena, tukasalimiana vizuri, kisha nikamwambia, "Salamu zimekwisha. Tuseme usingizi wako ni maziwa kwenye kibuyu, jana yalifika wapi?"

Akajibu, "Yalilowesha kitako cha kibuyu tu."

Nikamuuliza kama mazungumzo yetu yanamsaidia. Akatazama mlango. Nikamhakikishia kwamba sitakasirika.

"Unaongea sana," akasema. "Unanimalizia maneno. Na hujawahi kuniuliza mtoto wangu aliitwa nani."

Najua hilo la kwanza limekuchekesha. La pili liliniuma, Mama. Nililikwepa jina la yule mtoto nikidhani namhurumia mama yake, kumbe nilikuwa namzika mtoto mara ya pili. Nikamuuliza. Akalitaja, akaendelea kuongea na kulia mpaka mumewe akaja kuchungulia. Mimi nilinyamaza muda wote, na ungekuwepo ungedhani naumwa.

Waliondoka bila kuniahidi kitu. Leo ndiyo siku niliyowapangia, na tangu asubuhi kila pikipiki ikinguruma naenda dirishani. Dada Somoe ananicheka, anasema nimekuwa kama binti anayengoja posa. Lakini naogopa kweli. Asipokuja, nitakuwa nimempoteza kwa sababu ya mdomo wangu.

Nisalimie kaka mkubwa, mwambie apunguze ukali kwa watoto. Nisalimie shangazi mwenye duka, na mdogo wangu anayesoma ualimu, na jirani yetu anayekuletea kuni. Mwambie nimemwekea korosho za kutosha kuvunja meno yaliyobaki.

Nilikuwa nafunga barua hapo, Mama, nikaitwa. Walikuwa wao. Akakaa kwenye kiti kile kile, nami nikauliza maswali yangu na kunyamaza. Usingizi haujafika hata nusu ya kibuyu. Nikauliza kama nimemfaa chochote.

"Bado sijapona," akasema. Kisha akamtazama mumewe. "Ila tarehe ya kurudi niambie mimi mwenyewe. Huyu husahau."

Ni mimi mwanao, ninayejifunza kunyamaza,
Kabula